Marejeo ni Ngamani: Kelele za Inveta na Redio ya Mlinzi

Jioni hii sitaanza na mitambo mikubwa. Nitaanza na redio ndogo ya betri, ile ya kubebeka mkononi, antena yake imevunjika na kuungwa kwa waya, ambayo mlinzi wa nyumba moja ya pampu ya maji aliitundika kwenye msumari nje ya dirisha.

Niliitwa pale kwa habari ya maji. Ulikuwa mji mdogo, na pampu yao ilikuwa imefungiwa inveta miezi mitatu nyuma. Tangu siku hiyo ilianza vituko. Inasimama usiku wa manane bila sababu. Kioo cha inveta kinasema presha ya bomba ni bari 4, mara bari 6, mara sifuri, na huku geji ya mshale iliyofungwa kwenye bomba lilelile imetulia kwenye 4 kama imegandishwa. Kipimo cha presha, kile kinachopeleka taarifa kwenye inveta, kilikuwa kimebadilishwa mara mbili. Nguzo za erthi zilikuwa tatu, na udongo wa ile ya tatu ulikuwa bado mbichi.

Nikamwamkia mzee wa lindoni. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja kutengeneza redio yangu?"

Nikacheka, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya pampu.

"Ni hilohilo," akasema. "Pampu ikilala, redio inasema. Pampu ikiamka, redio inakoroma mpaka asubuhi. Nimewaambia wenzako, wakaniambia nikanunue betri mpya."

Msikilizaji, yule mzee alikuwa ameshaupima ugonjwa kabla mimi sijafungua mkoba wa vifaa. Kilichoikoromesha redio yake ndicho kilichokuwa kikiidanganya inveta juu ya presha. Mafundi tunakiita kelele za umeme, na ndiyo mada yetu ya leo: zinatoka wapi, zinapita wapi, na tunazipunguzaje mahali penye inveta ya kuendeshea mota.

Ninaposema inveta, wengi mtakifikiria kile kisanduku cha sola kinachogeuza umeme wa betri uwashe taa na televisheni. Ni ndugu, lakini ninayemzungumzia mimi ni yule anayekaa kati ya umeme na mota kubwa: ya pampu, ya kinu cha kusaga, ya feni ya kiwandani, ya mkanda wa kubebea mawe. Kazi yake ni kuubadilisha mwendo wa mota. Umeme wa kwetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, hezi 50, na mota ya kawaida ya ncha nne inazunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, upende usipende. Inveta inakupa uhuru wa kuchagua: hezi 30, hezi 40, hezi 45. Na faida yake ni ya kweli. Pampu inayozungushwa kwa asilimia 80 ya mwendo wake inahitaji karibu nusu tu ya nguvu, kwa kuwa nguvu hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ndiyo maana inveta zimejaa kila mahali.

Sasa sikiliza namna inavyofanya kazi, maana dawa yote imo humo. Umeme wa njia tatu wa volti 400 unaingia. Diodi zinaunyoosha uwe mkondo mnyoofu, kama wa betri, na kapasita kubwa zinauhifadhi. Hapo unafika karibu volti 565. Kisha transista sita zinaukatakata ule mkondo mnyoofu vipande vipande, vingine virefu, vingine vifupi, mara elfu mbili hadi elfu kumi na sita kwa sekunde, na mota kwa uzito wake ikivipokea inaviona kama wimbi laini. Mota haijali vipande. Majirani zake ndio wanaojali.

Inveta za zamani hazikuwa na kelele kiasi hiki. Kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1968, na swichi za enzi zile zilikuwa nzito, zinafunguka na kufunga polepole. Kuanzia miaka ya 1980 zikaja transista za aina mpya, zile zinazoitwa IGBT, zenye wepesi wa ajabu. Wepesi huo ulitafutwa makusudi. Swichi inayokawia katikati, haijafunguka wala haijafunga, inachemka na kupoteza umeme. Ikiruka upesi, inabaki baridi, na inveta nzima inakuwa ndogo na rahisi bei. Transista za leo zinaruka kutoka sifuri hadi volti 565 ndani ya sehemu moja ya kumi ya mikrosekunde. Mikrosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni. Ichukue hiyo, uigawanye tena mara kumi.

Na hapo ndipo penye mgogoro. Mwaka 1887, mjini Karlsruhe, Ujerumani, mwanafizikia Heinrich Hertz alirusha cheche kwenye kifaa kimoja, na cheche ndogo ikaonekana kwenye pete ya waya iliyokaa mbali, isiyogusana na chochote. Kwa majaribio ya miaka ile alithibitisha kwamba umeme unaobadilika ghafla hutoa mawimbi yanayosafiri hewani. Redio zote duniani, na hii unayonisikilizia sasa, ni watoto wa cheche ile. Basi inveta iliyofungwa vibaya, yenye kebo ndefu isiyofunikwa, ni cheche ya Hertz iliyopewa antena, nayo inarushwa maelfu ya mara kila sekunde. Redio ya mzee haikuwa mbovu. Ilikuwa inapokea stesheni nyingine kabisa, stesheni ya pampu.

Wala ugomvi kati ya mitambo na redio si wa leo. Kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, inayoweka mipaka ya kelele ambazo kifaa kinaruhusiwa kutoa, ilianza kazi mwaka 1934. Kwa inveta za mota leo kuna kiwango chake maalumu, IEC 61800-3, na namba hiyo utaiona imeandikwa kwenye kitabu cha inveta yoyote ya maana. Ila kumbuka jambo moja: mtengenezaji anakuhakikishia kiwango kile kwa sharti la kufunga kama alivyoelekeza. Ukifunga kwa mtindo wako, cheti kinabaki kwenye karatasi.

Turudi kwenye nyumba ya pampu. Kelele zilifikaje kwenye kipimo cha presha, na kipimo chenyewe hakigusani na waya wa mota popote?

Kapasita ni nini? Ni vyuma viwili vilivyotengwa na kitu kisichopitisha umeme. Sasa tazama waya wa mota: shaba ndani, plastiki nje, na pembeni yake ukuta, bomba, trei ya chuma. Hiyo ni kapasita ambayo hakuna aliyeinunua. Ndani ya mota, koili za shaba zimekaa kwenye matundu ya chuma, zimetengwa kwa karatasi nyembamba na vanishi. Hiyo nayo ni kapasita. Ni ndogo, na kwa umeme wa kawaida wa hezi 50 haina habari. Lakini kapasita hupitisha mkondo kwa kadiri volti zinavyobadilika kwa haraka. Chukua nanofaradi moja tu, kiasi ambacho mita chache za kebo zinakitoa. Volti 565 zikiruka katika sehemu ya kumi ya mikrosekunde, zinasukuma zaidi ya ampea 5 kupita pale ambapo macho yetu hayaoni njia. Ni kwa kitambo kidogo mno, lakini kila transista inaporuka, kitambo hicho kinarudi.

Sasa swali ambalo fundi yeyote wa inveta anapaswa kulala nalo: hizo ampea zikishatoka, zinakwenda wapi?

Watu wa pwani wana methali ya chomboni: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia anaweza kwenda nyuma ya jahazi, akaenda mbele, mwisho wake atarudi ngamani, ndani ya chombo. Umeme ndivyo ulivyo. Mkondo uliotoka kwenye inveta lazima urudi kwenye inveta ileile. Hauishii njiani, haupotei, haumezwi na udongo. Ukiufungulia njia fupi na pana, utapita humo kimya kimya. Usipoufungulia, utajitafutia mwenyewe, na njia utakayoipata hutaipenda.

Katika ile nyumba ya pampu haukuwa umefunguliwa njia. Kutoka kwenye inveta hadi kwenye mota zilikwenda nyaya nne za kawaida ndani ya paipu ya plastiki, tatu za kazi na moja ya kijani na njano ya erthi, nyembamba kuliko wenzake. Mkondo wa kelele ukavuka kutoka kwenye koili hadi kwenye fremu ya mota. Kutoka fremu ukaingia kwenye pampu, kutoka pampu ukaingia kwenye bomba la chuma la maji. Na kwenye bomba hilo nani alikuwa amefungiwa kwa nati? Kipimo cha presha. Ukapanda kwenye kipimo, ukaingia kwenye waya wake mwembamba wa taarifa, ukaufuata mpaka kwenye ubao wa akili wa inveta. Nyumbani! Bomba la maji lilikuwa limegeuka waya, na waya wa taarifa umegeuka barabara ya malori. Ndipo kioo kikasoma bari 6 ambazo hazipo, inveta ikaogopa, ikazima pampu usiku wa manane.

Na zile nguzo tatu za erthi? Hapa naomba mafundi wenzangu mnivumilie. Nguzo ya erthi ni ya lazima kwa usalama wa watu na kwa radi, na sitaki mtu aondoke hapa akasema fundi wa redioni kasema ing'olewe. Lakini dhidi ya kelele hizi, nguzo ya erthi haina ubavu. Waya una tabia ya kuukatalia mkondo unaobadilika haraka, na kadiri unavyobadilika haraka, ndivyo unavyozidi kuukatalia. Waya wa mita 5 kwenda kwenye nguzo, kwa hezi 50, ni kama haupo, ukinzani wake kwa tabia hiyo haufiki hata sehemu ya mia ya omu moja. Waya uleule, kwa megahezi 1, unakuwa na ukinzani wa karibu omu 30. Ni lango lililofungwa. Na hata kama kelele zingefika udongoni, zingefanya nini huko? Inveta haiko udongoni. Marejeo ni ngamani.

Kazi yetu ikaanza. Kifaa changu cha kwanza cha kupimia, msikilizaji, kilikuwa redio ya mzee. Niliiomba, nikaiweka masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, nikaanza kutembea nayo pampu ikiwa inafanya kazi. Karibu na ile paipu ya plastiki ya mota, ilinguruma. Karibu na bomba la maji, mita nne kutoka kwenye mota, ilinguruma vilevile, na hapo ndipo nilipojua kwamba bomba linabeba mkondo. Kwenye waya unaoingiza umeme kwenye paneli, ilikoroma kwa sauti ya chini kidogo. Mzee alikuwa nyuma yangu, mikono mgongoni, anaitikia kwa kichwa kama daktari mkuu anayemkagua mwanafunzi.

Dawa ya kwanza ilikuwa kebo ya mota. Tuliitoa ile ya kawaida tukaweka kebo yenye vazi, yaani nyaya zote zimevikwa wavu wa shaba ndani ya plastiki ya nje. Wavu ule ndio njia ya kurudi. Unaizunguka kelele pande zote, unaipokea kwenye fremu ya mota na kuirudisha hadi kwenye mwili wa inveta, bila kuipeleka matembezini. Lakini wavu una masharti. Ufungwe ncha zote mbili, kwa mota na kwa inveta. Na ufungwe kwa kuzungukwa wote, kwa kibanio cha chuma kinachoukumbatia mzunguko mzima, au kwa glandi ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo mafundi wengi tunapoharibu. Tunaichuna kebo, tunaukusanya ule wavu, tunausokota uwe kama mkia wa nguruwe, kisha tunaupeleka kwenye skrubu ya erthi iliyo sentimita 20 kutoka pale. Kwa macho umefungwa. Kwa kelele haujafungwa. Ule mkia ni kijiti chembamba mwishoni mwa barabara ya njia nne, na magari yote yanakwama hapo. Upana ndio unaotakiwa. Hata pale unapolazimika kuunga erthi kati ya mlango wa paneli na paneli, tumia msuko bapa wa shaba, na urefu wake usizidi mara tano ya upana wake. Waya wa duara, hata uwe mnene, haushindani na bapa, kwa sababu mkondo wa masafa makubwa hupita juu ya ngozi ya shaba tu, na bapa lina ngozi kubwa.

Jambo la pili, dogo, na ndilo lililonipa aibu kwa niaba ya taaluma yetu: rangi. Inveta ilikuwa imefungwa juu ya bamba la chuma lililopakwa rangi nzuri ya kijivu. Rangi ni kizuizi cha umeme. Boliti nne zilikuwa ndizo pekee zilizogusa chuma, nazo kwa nyuzi zake tu. Tulishusha inveta, tukachukua brashi ya waya na msasa, tukakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa pale inveta inapokaa na pale vibanio vinapobana, tukapaka grisi nyembamba ya kuzuia kutu, tukaifunga tena. Hiyo ilikuwa kazi ya saa moja na nusu, na gharama yake ni msasa. Ukiagiza paneli mpya, omba bamba la ndani liwe la mabati, lisipakwe rangi.

La tatu ni umbali. Waya wa kipimo cha presha ulikuwa umesafiri mita 12 kwenye trei moja na nyaya za mota, umefungwa nazo kwa vibanio vya plastiki, safi kabisa, unapendeza macho. Unadhifu huo ndio ulioua taarifa. Nyaya zinazotembea bega kwa bega hupeana siri. Tukauhamishia upande wa pili wa chumba, ukakaa zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye kebo ya mota, na pale palipolazimu vipishane tukavipishanisha kama njia panda, kwa pembe mraba, wala visifuatane. Waya wenyewe tuliubadilisha ukawa ule wa jozi zilizosokotwa, wenye vazi. Nyaya mbili zikisokotwa, kelele inazigusa zote mbili sawasawa, na inveta inayosoma tofauti kati yao haioni kitu. Vazi la waya huu mwembamba wa taarifa mara nyingi hufungwa upande wa inveta peke yake; kitabu cha mtengenezaji kitakuelekeza. Na ukiweza kuchagua, chagua kipimo kinachotuma miliampea 4 hadi 20 badala ya kile cha volti 0 hadi 10. Mkondo haudanganyiki kwa urahisi kama volti, na waya ukikatika unasoma sifuri, unajua mara moja.

La nne ni filta upande wa kuingiza umeme. Filta inazuia kelele zisirudi kwenye nyaya za jengo na kwenda kwa majirani. Wao walikuwa nayo, tena nzuri, lakini imefungwa juu ya paneli, nyaya za kuingia na za kutoka zikiwa fungu moja. Kelele ilikuwa inatoka kwenye waya mmoja inarukia wa pili, inaiacha filta imekaa. Ni kama mlango wa chuma kwenye ukuta wa makuti. Tukaishusha karibu kabisa na inveta, mwili wake kwenye chuma kitupu, nyaya za kuingia kushoto, za kutoka kulia.

Mwisho tukaongeza pete ya feraiti kwenye nyaya za mota, pale zinapotoka kwenye inveta. Nyaya zote tatu zinapita pamoja ndani ya pete, wa erthi unabaki nje. Ukimpitisha mmoja peke yake, sumaku ya mkondo wa kazi inaishibisha pete, nayo inabaki pambo. Tukashusha pia mapigo ya transista. Mtu aliyetangulia alikuwa ameyapandisha hadi elfu 12 kwa sekunde kwa sababu mlio wa mota uliwakera wanaolala jirani. Alilitibu sikio akauumiza waya, maana kila pigo ni kelele mpya. Tuliyarudisha elfu 4. Mota ikalia kidogo, mlango ukafungwa, na hakuna aliyelalamika.

Kipimo cha presha kikatulia kwenye 4, sawa na mshale wa geji. Redio ya mzee haikuwa safi kama wakati pampu imezimwa, lakini taarifa ya habari ilisikika neno kwa neno. Akaniuliza kama zile betri mpya alizonunua arudishiwe fedha. Swali hilo nimeliacha kwa wenye pampu.

Msikilizaji, kuna wengine watatu wa ukoo huu ambao nitawataja upesi. Wa kwanza ni mawimbi ya ziada, ya hezi 250, 350 na kuendelea, yanayotokana na diodi za kuingilia. Hayo hayakoromeshi redio. Yanachemsha transfoma na waya wa jengo, na dawa yake ni koili ya choki mbele ya inveta. Ukifunga filta ya redio ukitarajia itatibu hayo, umempa mgonjwa wa meno dawa ya macho.

Wa pili ni beringi. Sehemu ya mkondo wa kelele hupita kwenye shafti ya mota, na kutoka hapo kwenda kwenye fremu inabidi iruke utando mwembamba wa grisi ndani ya beringi. Inaruka kwa cheche ndogo ndogo. Fungua beringi ya namna hiyo utaona njia ya gololi ina mistari iliyojipanga kama migongo ya bati. Ukibadilisha beringi peke yake, utabadilisha tena. Fungua njia ya kurudi kwanza, na kwa mota kubwa weka beringi yenye kizuizi cha umeme upande wa nyuma, au brashi ya kuunganisha shafti na fremu.

Wa tatu anawahusu wenye visima virefu, na siku hizi inveta za sola za kuvutia maji visimani ni nyingi. Pigo la umeme husafiri ndani ya kebo karibu mita 150 kwa mikrosekunde. Likifika kwenye mota chini ya kisima, linagonga kama wimbi la bahari kwenye ukuta wa gati, linarudi juu yake lenyewe, na volti 565 zinakaribia kuwa mara mbili, zaidi ya 1,100. Mizunguko ya kwanza ya koili ndiyo inayopokea kofi hilo. Kwa kebo ya mita 80 au 100, weka filta ya kulainisha wimbi kati ya inveta na kisima. Ni ghali, lakini haifikii bei ya kuivuta pampu juu na kuifunga upya.

Na kabla sijaaga, usalama. Kapasita za inveta hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Kioo kikiwa cheusi haina maana kuwa ndani kumekufa. Soma lebo, zipo za kusubiri dakika 5, zipo za zaidi, kisha pima kwa mita kabla hujaingiza mkono. Na kikata umeme cha kumlinda mtu kikiruka kwa sababu ya uvujaji wa inveta, kisiondolewe. Tafuta cha aina B, kinachofaa inveta za njia tatu, na upunguze uvujaji kwenye chanzo chake.

Sasa neno langu kwa wenye vinu, wenye pampu na wenye viwanda. Mnaponunua inveta, mnauliza nguvu zake na bei yake, kisha mnamwambia fundi afunge leo kazi ianze kesho. Nawaomba muongeze maswali matatu. Kebo ya mota ina vazi, na vazi limefungwa ncha zote mbili kwa kibanio? Chini ya inveta kuna rangi au kuna chuma? Waya wa taarifa unatembea na nani? Fundi akijibu hayo matatu bila kubabaika, mwacheni afanye kazi, na msimharakishe. Akisema kelele zitakwisha akichimbia nguzo nyingine ya erthi, mwambieni mmesikia redioni kwamba mkondo haukai udongoni.

Na ninyi mafundi, siku ya kukabidhi kazi, nendeni na redio ndogo ya masafa ya kati. Iwasheni kando ya mota, ikiwa imeanza kuzunguka, mwenye mali akiwa amesimama hapo. Ikinguruma, msikusanye vifaa bado.